SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA KIWILIWILI CHA VALI YA TUFE KWA MABOMBA YA KIWANDA CHA CHAMA



Katibu wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa alizeti ametuandikia kuomba shauri. Chama chake kinajenga mtambo mdogo wa kukamua na kusafisha mafuta. Michoro imekwisha, mashine zimekwisha kuagizwa, na sasa imebaki kununua vali za mabomba. Mezani pake zipo karatasi tatu za bei kutoka kwa wafanyabiashara watatu. Wote watatu wameandika "vali za tufe, inchi mbili na chini yake", lakini bei ya wa tatu ni karibu mara nne ya bei ya wa kwanza. Kamati inataka kumpa kazi yule wa kwanza. Katibu anauliza: Je, kamati inakosea? Na kama inakosea, atawaelezaje wajumbe ambao fedha wanayoitumia ni jasho la wakulima wenzao?

Tumeona afadhali kumjibu hapa, kwa kuwa vyama vingine vitakutana na jambo hilo hilo. Jibu letu kwa ufupi ni kwamba kamati inakosea kwa baadhi ya mabomba na haikosei kwa mengine. Kosa lililo kubwa kuliko bei ni kuagiza vali zote za aina moja kwa kazi zisizofanana.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe. Ndani ya kiwiliwili cha shaba au chuma limo tufe la chuma lililosuguliwa hata likang'aa, nalo limetobolewa tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tundu likielekea sambamba na bomba, kimiminika hupita. Mkono ukizungushwa robo ya mzunguko, ubavu mzima wa tufe huziba njia. Tufe limeshikwa katikati ya pete mbili ziitwazo viti, ambazo aghalabu hutengenezwa kwa tefloni, ile plastiki nyeupe inayoteleza iliyogunduliwa na Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Kutoka juu ya tufe huinuka shina, ambalo hupita katika pakingi na kufungwa mkono. Mkono ukilala sambamba na bomba, vali i wazi, ukikingama, imefungwa. Hata mlinzi wa usiku aweza kuliona hilo kwa tochi akiwa mbali, na faida hiyo si ndogo.

Sasa chukueni vali moja mkononi mjiulize swali la mtoto: tufe hili liliingiaje humu ndani? Tufe ni pana kuliko tundu la bomba, na kiwiliwili kimelizunguka pande zote. Hapana budi kiwiliwili kilikuwa wazi mahali fulani, kisha kikafungwa. Mahali hapo kilipofungwa, na namna kilivyofungwa, ndipo aina zote za viwiliwili zinapotofautiana. Ndipo panapoweza kuvuja, na ndipo fundi atakapoingilia siku viti vitakapochakaa, au atakaposhindwa kuingilia.

Aina ya kwanza ni kiwiliwili cha kipande kimoja. Hiki kimesubiwa chote pamoja, na tufe limeingizwa kwa mwisho mmoja, pale pale bomba linapoingia, kisha pete yenye hesi ikakazwa nyuma yake ili kulizuia. Kwa kuwa tufe lilipita katika mdomo ule, lazima liwe dogo, na tundu lake huwa dogo zaidi. Vali ya inchi mbili ya namna hii kwa kawaida huwa na tundu la karibu inchi moja na nusu. Tukikokotoa eneo la duara tutaona kwamba njia iliyobaki ni kama asilimia 56 tu ya njia ya bomba. Kwa maji ya kunawia mikono hilo si kitu. Kwa mafuta mabichi ya alizeti, mazito na yenye machicha, ni kikwazo kinachoilazimisha pampu kufanya kazi ya bure kila siku ya uhai wake.

Uzuri wa kipande kimoja ni kwamba hakina kiungo katikati kinachoweza kuvuja, kisha ni rahisi kwa bei. Ubaya wake ni kwamba hakikuundwa kifunguliwe. Viti vikichakaa, vali hutupwa, na ili kuitoa fundi huanza kufungua mabomba kutoka yunioni iliyo karibu. Kama aliyejenga alibania fedha akaacha kuweka yunioni, basi ni kukata bomba kwa msumeno. Lipo na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: vali za hesi hazina urefu mmoja kwa watengenezaji wote. Mtakayoinunua baada ya miaka mitatu yaweza kuwa fupi au ndefu kwa sentimita moja au mbili, na mabomba yakalazimika kukatwa na kupigwa hesi upya.

Aina ya pili ni kiwiliwili cha vipande viwili. Kipande kimoja hubeba tufe, shina na mwisho mmoja wa bomba. Cha pili ni kama kifuniko chenye mwisho wa pili. Hapa mdomo wa kuingizia tufe ni mpana, kwa hiyo tundu laweza kulingana na bomba, ingawa si vali zote za vipande viwili zilizo hivyo na yafaa kuuliza. Aina hii ina matawi mawili ambayo katibu asiyachanganye kamwe. Katika tawi la kwanza vipande vimekazwa pamoja kwa hesi, nazo ndizo vali ndogo za shaba nyeupe zilizojaa madukani. Katika tawi la pili vipande vimefungwa kwa bolti, na aghalabu miisho yake ni flanji. Vali ya bolti yenye flanji ndiyo inayobeba kazi kubwa ya viwanda kuanzia inchi mbili kwenda juu. Fundi hufungua bolti za flanji, huitoa nzima, huipeleka mezani, huitenganisha, hubadili viti na gasketi, na kuirudisha. Urefu wa vali za flanji umewekewa viwango, hivyo hata ile ya mtengenezaji mwingine huingia katika nafasi ile ile, ilimradi ni ya kiwango na daraja moja.

Juu ya tawi la kwanza, lile la hesi, sina budi kusimulia kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Palikuwa na tangi la maji la lita 10,000 juu ya mnara, na chini yake vali ya shaba ya vipande viwili, ya inchi mbili. Bomba lililotoka katika vali lilikuwa limeoza, na fundi alitaka kulibadili. Alifunga vali vizuri, akaangalia kwamba haidondoki hata tone, akaweka spana ya bomba akaanza kuzungusha. Bomba lilikuwa limeshikwa na kutu katika hesi ya vali, nalo halikufunguka. Kilichofunguka ni kile kipande cha pili cha vali yenyewe, kikizunguka pamoja na bomba. Alipotambua, kiti na tufe vilikuwa vimekwisha kuruka, na juu yake hapakuwa na vali nyingine ya kufunga. Tangi lote lilimwagika katika ghala lililokuwa chini ya mteremko. Magunia 40 ya alizeti yalilowa, na mengi yakaota ukungu kabla hayajakauka. Mtu hakuumia, kwa sababu yalikuwa maji baridi. Ingekuwa maji ya boila, au kostiki, ningekuwa naandika habari nyingine.

Kutokana na kisa hicho twapata kanuni mbili za kazi. Ya kwanza, fundi anayefungua bomba kutoka vali ya hesi lazima aweke spana mbili: moja ishike kipande kile kile cha vali ambacho bomba limeingia, ya pili izungushe bomba. Asishike upande wa pili wa vali, kwa kuwa hapo ndipo anapovikaza au kuvifungua vipande vyenyewe. Ya pili, vali ya chini ya tangi isiwe na kiungo cha hesi upande wa kutokea, ambako ufunguzi wa bomba waweza kuivunja. Kama hapana budi ni ya namna hiyo, ielekezwe ili kile kipande kinachobeba tufe ndicho kitazame bomba linalofunguliwa mara kwa mara. Vali nzuri zaidi ya mahali pale ni ya flanji, iliyofungwa bolti kwenye flanji ya tangi.

Aina ya tatu ni kiwiliwili cha vipande vitatu: kati kuna kiini kinachobeba tufe, viti na shina, na kila upande kuna kichwa kilichounganishwa na bomba. Vyote vitatu hubanwa na bolti ndefu, kwa kawaida nne au zaidi. Vichwa hubaki katika bomba maisha yote, vimepigwa hesi au vimechomelewa. Siku ya matengenezo fundi hutoa bolti zote isipokuwa moja, hulegeza ile iliyobaki, na kiini huzunguka nje kama mlango katika bawaba. Viti vipya huingizwa, gasketi mpya huwekwa, kiini hurudishwa, bolti hukazwa kwa kupishana pembe kwa pembe, kidogo kidogo. Fundi aliyezoea, mwenye vipuri mkononi, humaliza ndani ya saa moja, na bomba halikuguswa. Vali hii ndiyo iliyomshangaza katibu wetu kwa bei.

Je, bei hiyo ina haki? Tufanye hesabu. Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya somo, na kila chama kiweke zake. Tuseme vali ya kipande kimoja ni sh. 30,000 na ya vipande vitatu ni sh. 110,000, na seti moja ya viti na gasketi ni sh. 15,000. Tuseme mahali penyewe viti vinachakaa mara mbili katika miaka mitano. Kiwanda hukamua magunia 60 kwa siku ya saa kumi, na chama hubakiza sh. 3,000 kwa kila gunia. Vali ya kipande kimoja ikifa katikati ya msimu, nusu ya siku hupotea kwa kukata na kuunga mabomba: magunia 30, yaani sh. 90,000. Kwa miaka mitano ni vali tatu, sh. 90,000, pamoja na hasara ya kusimama mara mbili, sh. 180,000, jumla sh. 270,000. Vali ya vipande vitatu ni sh. 110,000, seti mbili sh. 30,000, na kusimama saa moja mara mbili, sh. 36,000, jumla sh. 176,000. Iliyoonekana ghali imeokoa sh. 94,000 mahali pamoja tu.

Lakini rudieni hesabu hiyo hiyo kwa bomba la kumwagilia bustani ya ofisi, ambako vali ikifa hakuna gunia linalosimama. Kipande kimoja: sh. 90,000. Vipande vitatu: sh. 140,000. Hapa kamati iliyochagua rahisi ilikuwa na haki kabisa. Ndiyo maana nilisema kamati inakosea na haikosei.

Sasa twende katika kiwanda cha katibu wetu, bomba kwa bomba, maana hapo ndipo yalipo matatizo yenyewe.

Bomba la maji baridi lisitusumbue. Vali za shaba nyeupe za kipande kimoja au viwili zinatosha, isipokuwa ile ya chini ya tangi niliyokwisha kuisema. Tahadhari moja tu: vali ya tufe hufungwa kwa kufumba na kufumbua, na maji yanayokimbia mita 2 kwa sekunde katika bomba la chuma yakikatwa ghafla huweza kuongeza shinikizo kwa zaidi ya baa 20 kwa mpigo mmoja. Ule mlio wa nyundo mnaousikia bombani ndio huo. Mkono ufungwe polepole.

Bomba la mvuke ni jambo jingine. Mvuke wa boila kwa shinikizo la baa 7 katika geji una joto la karibu sentigredi 170. Tefloni huyeyuka kwenye sentigredi 327, na muuzaji hupenda kuitaja tarakimu hiyo. Asichokitaja ni kwamba tefloni hulainika na kusukumika mapema zaidi ikiwa imebanwa, na watengenezaji wengi huweka mpaka wa viti vya tefloni tupu karibu na sentigredi 200. Zaidi ya hayo, kadiri joto linavyopanda ndivyo shinikizo linaloruhusiwa linavyoshuka. Kwa hiyo vali iliyopigwa muhuri wa 1000 W.O.G. haimaanishi kwamba inafaa kwa mvuke. Herufi hizo zasimama badala ya maji, mafuta na gesi, navyo katika joto la kawaida. Ratili 1,000 kwa inchi ya mraba ni karibu baa 69, lakini ya baridi. Ulizeni jedwali la shinikizo na joto la vali hiyo hiyo, na mtazame mstari wa sentigredi 170. Muuzaji asiyekuwa na jedwali hilo asiuze vali ya mvuke.

Kwa mvuke chagueni kiwiliwili cha chuma cha pua, cha vipande vitatu au cha vipande viwili vyenye bolti na flanji, na viti vya tefloni iliyotiwa nguvu kwa nyuzi za kioo au kaboni. Mahali ambapo mvuke unapimwa, yaani unafunguliwa nusu au robo, msiweke vali ya tufe hata kidogo. Vali ya tufe ni ya kufungua yote au kufunga yote. Ikiachwa nusu, mvuke hukimbilia ukingo mmoja wa kiti na kuukwangua hata vali isifunge tena. Kazi ya kupima yatakiwa vali ya gurudumu, ile inayoshusha kizibo juu ya tundu.

Bomba la kostiki, ile soda kali ya kuondolea asidi katika mafuta, ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kostiki hushambulia zinki na aluminiamu, na shaba nyeupe ina zinki ndani yake. Hapa iwe chuma kisichoshika kutu na viti vya tefloni, bila majadiliano ya bei. Na hapa mtazame shina. Zipo vali ambazo shina limeingizwa kutoka nje na kushikwa na nati ya pakingi peke yake. Nati ikilegea, shinikizo hulitupa shina nje, na kimiminika hulifuata. Zipo nyingine ambazo shina limeingizwa kutoka ndani na lina bega pana lisiloweza kupita katika tundu la juu. Hata pakingi yote ikitolewa, shina halitoki. Aina ya pili ndiyo ya kununua, nayo yatambulikana kwa kumwomba muuzaji mchoro uliokatwa katikati. Katika barua ya maagizo andikeni wazi: shina lenye bega, lililoingizwa kutoka ndani. Kijana anayeshika mkono wa vali ile ni mtoto wa mwanachama, na kostiki ikimwingia machoni hapana dawa itakayorudisha kila kitu.

Bomba la mafuta lina siri ambayo wengi hawaijui. Shaba huharakisha kuchacha kwa mafuta ya kula. Kiasi kidogo mno cha shaba kinachoyeyuka ndani ya mafuta chatosha kuyafanya yanuke mapema yakiwa dukani, na chama kikalaumiwa kwa kuuza mafuta ya zamani. Kwa hiyo vali za shaba zisiguse mafuta, ziwe za kipande kimoja au vitatu. Kisha kuna machicha. Mafuta yanayotoka katika mashine kabla ya kuchujwa hubeba chembe, nazo huingia katika uvungu uliopo kati ya tufe na ukuta wa kiwiliwili. Vali ya tufe ina tabia ya kuweka akiba: kila ikifungwa huhifadhi ndani yake kiasi cha kile kilichokuwa kikipita. Machicha yale huoza, hukauka, hukwaruza tufe na viti. Hapa kiwiliwili cha vipande vitatu chenye tundu kamili hulipa gharama yake haraka kuliko mahali pengine, maana kiini hutolewa na kusafishwa mwisho wa msimu. Vyama vya maziwa vina shida hiyo hiyo kwa ukali zaidi, kwa kuwa maziwa yaliyobaki katika uvungu huganda na kuambukiza yale ya asubuhi inayofuata. Kwao huuzwa vali zenye viti vilivyojaza uvungu wote, nazo hata hivyo zafunguliwa na kuoshwa.

Akiba hiyo ya uvungu ina hatari nyingine. Kimiminika kilichofungiwa ndani ya tufe kikipashwa joto hutanuka, na shinikizo hupanda. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufungua kiini cha vali yoyote ya vipande vitatu, bomba limwagwe lote, kisha mkono uwekwe nusu wazi ili kilichobaki katika uvungu kitoke. Fundi anayelegeza bolti huku vali ikiwa imefungwa anafungua chupa asiyojua ndani kuna nini. Kadhalika vali ya vipande vitatu isitumiwe kama kizuizi cha mwisho wa bomba kwa kutoa kichwa cha upande mmoja huku upande wa pili una shinikizo. Kichwa kile ndicho kilichoshika kiti, na kiti ndicho kilichoshika tufe.

Neno kwa mafundi wa kuchomelea. Vichwa vya vipande vitatu huchomelewa katika bomba viini vikiwa vimetolewa. Nimeona vali mpya zilizochomelewa zikiwa nzima, viti vyake vikaungua kabla mtambo haujawashwa, na lawama akapewa muuzaji.

Juu ya vali kubwa nitasema machache, kwa kuwa vyama vichache vitazihitaji. Katika vali tulizozizungumzia tufe linaelea: shinikizo hulisukuma dhidi ya kiti cha upande wa kutokea, na hivyo ndivyo linavyoziba. Shinikizo likiwa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, duara la milimita 50 husukumwa kwa kilo 196 hivi, la milimita 100 kwa kilo 785, na la milimita 200 kwa kilo 3,140. Mkono wa mtu haulizungushi tufe linalobana kiti kwa nguvu hiyo ya mwisho bila gia, na kiti chenyewe hakidumu. Kwa ukubwa huo hutumiwa tufe lenye mhimili juu na chini, ambalo halisogei, na viti ndivyo vinavyosukumwa kulifuata. Zipo pia vali za kufunguliwa juu kwa kifuniko, ambamo tufe hutolewa huku kiwiliwili kikibaki bombani. Zipo tena zilizochomelewa zote zisiwe na kiungo hata kimoja, kwa mabomba marefu ya kuzikwa ardhini yanayosafirisha gesi au mafuta nchi kwa nchi. Hizo hazifunguliwi na fundi wa kiwanda, nazo hazina nafasi katika mtambo wa alizeti, ingawa muuzaji mmoja katika zile karatasi tatu ameziweka. Labda alidhani hakuna atakayeisoma karatasi hadi mwisho.

Imebaki kazi ya katibu mwenyewe. Karatasi ya kuomba bei isiandike tena "vali za tufe, inchi mbili". Kila vali ipewe namba inayolingana na mchoro, na mbele ya namba iandikwe: ukubwa wa bomba, tundu kamili au lililopunguzwa, idadi ya vipande vya kiwiliwili, namna ya kiungo, madini ya kiwiliwili na ya tufe, aina ya kiti, aina ya shina, kimiminika kitakachopita, shinikizo lake na joto lake. Wafanyabiashara wote watatu wakijibu karatasi ya namna hiyo, bei zao zitaweza kulinganishwa. Zile za kwanza zilikuwa ni za vitu vitatu tofauti vilivyopewa jina moja.

Na aulize swali moja zaidi, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kuamua: je, seti za viti na gasketi za vali hii mnazo dukani leo, na bei yake ni kiasi gani? Viti vya mtengenezaji mmoja haviingii katika vali ya mwingine. Vali ya vipande vitatu isiyokuwa na vipuri ni vali ya kipande kimoja iliyonunuliwa kwa bei ya mara nne. Seti mbili kwa kila ukubwa zinunuliwe siku ile ile pamoja na vali, ziingizwe katika daftari la mali, jina la mtengenezaji na namba yake zikiandikwa kama zilivyo juu ya kiwiliwili, na zifungiwe kabatini. Tumeona vyama vilivyofanya yote sawasawa, kisha seti zikapotea kwa kukosa mstari mmoja daftarini.

Kwa kiwanda cha ndugu yetu, kwa hiyo, shauri letu ni hili. Vali za maji zinunuliwe kwa yule wa kwanza, mwenye bei ya chini. Ya chini ya tangi iwe ya flanji. Za mafuta kabla ya kuchujwa na za kostiki ziwe za vipande vitatu, za chuma kisichoshika kutu, hata kama ni kwa yule wa tatu. Za mvuke zingoje hadi jedwali la shinikizo na joto lifike mezani, na mmoja kati ya watatu hao hajalileta.

MASWALI YA KIKUNDI CHA MASOMO. Tembeleeni kiwanda, ghala au kisima cha chama chenu mkiwa na fundi. Hesabuni vali za tufe zilizopo. Ni ngapi za kipande kimoja, ngapi za viwili, ngapi za vitatu? Ni ipi ambayo ikivunjika leo hapana nyingine nyuma yake ya kufunga? Chukueni mfano wa hesabu uliotolewa hapa, wekeni bei za dukani kwenu na magunia au lita zenu, mtazame kama jibu linabadilika. Mwisho, mwombeni katibu awaonyeshe katika daftari mahali ilipoandikwa seti ya viti ya vali moja tu, yoyote. Majibu yatumwe kwa Idara ya Ufundi ya Chama Kikuu kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa.